Mayai Tisini na Tisa ya Mashine ya Mkono

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali yetu ya Mkoa,

Nakusalimu kwa viganja viwili vilivyokutana kifuani, na naomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Mimi ni Thongbai, muuza kachumbari ya papai bichi, ile ya kutwangwa kinuni, mbele ya kituo cha treni. Mtwangaji ni mume wangu, Bunsong. Mwezi wa pili kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mkono ukalala, na kinu chetu kikalala nao. Mkaanza kumtibu kwa mashine inayoushika mkono na kuufundisha kunyanyuka, huku yeye akivua samaki wa mchezo wa kwenye skrini. Nashukuru. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mashine yenu imevunjiwa heshima. Sisi wake tunaachwa kwenye benchi nje, lakini kila asubuhi, kabla hamjafungua, niliingia na mama mfagiaji nikaivika shada la maua na kuiwekea soda nyekundu ya sadaka pamoja na mrija wake. Binti Kanokwan, mtaalamu wenu wa mazoezi, akaviondoa eti vinaleta sisimizi. Dereva wa basi huvika maua kioo chake, na basi halijawahi kumnyanyua mtu mkono.

2. Siku ya kwanza niliiwekea mashine nadhiri: mume wangu akishika kijiko, nitailetea mayai tisini na tisa ya kuchemsha na wachezaji ngoma wawili. Wiki ya saba akashika kijiko. Ahadi ni deni. Nikaja na mayai, wachezaji, na mpiga ngoma ambaye hakuwemo kwenye nadhiri lakini ni shemeji. Mlinzi akatuzuia. Binti Kanokwan akatoka akaniambia, "Mama, mashine haili mayai." Najua haili! Inanusa tu, kula tunakula sisi.

3. Tangu hapo mashine imekasirika. Jumatano mkono wa Bunsong uliangusha mchi. Ijumaa ulimzaba kibao cha makalioni jirani yetu Lamduan, aliyekuwa ameinama kuchagua pilipili. Bunsong anasema uliteleza. Lamduan anasema, "Shoga, mkono huo umepona kupita kiasi. Ufunge!"

4. Nimeufunga. Nimeubana ubavuni kwa kitambaa cha hekaluni, mizunguko tisa na mafundo matatu, na leo ni siku ya tano haji mazoezini. Binti Kanokwan amepiga simu mara mbili: asipokuja, mkono utasahau kila ulichojifunza. Naogopa, Mheshimiwa, sikufichi. Nilimlisha kwa kijiko wiki nyingi huku akitazama ukuta kwa aibu. Lakini nikimrudisha kwa mashine inayonidai, si itauchukua mkono wake moja kwa moja?

5. Kwa hiyo naomba mayai yapokelewe rasmi na kugongewa muhuri. Mashine ipewe cheo, na likizo siku za ibada kama watumishi wengine. Na Binti Kanokwan ale yai moja mbele yake, bila kununa.

Nisalimie wauguzi wote, mama mfagiaji, hata yule mlinzi. Mashine iambie sijaisahau.

Ni mimi mnyenyekevu wako, mpaka mayai yaanze kunuka,

Thongbai, mke wa Bunsong

Nyongeza: Bunsong ameisoma barua hii na kucheka hadi nikadhani kiharusi kimerudi. Anasema mashine iliyomfundisha mkono ni ile nyeusi, ndogo, ya pembeni. Ile kubwa nyeupe yenye taa ya kijani, niliyoivika maua wiki saba, ni ya kusafisha hewa. Nikamuuliza, "Mbona ulinyamaza muda wote huo?" Akasema, "Nilikuwa nasubiri mayai." Nilipogeuka kutafuta cha kumrushia, mafundo yangu matatu yalikuwa sakafuni. Ameyafungua mwenyewe, kwa meno na mkono ule ule. Sasa anamenya mayai polepole, maganda yametapakaa hadi ndani ya kinu, na hataki nimsaidie. La kwanza amenilisha mimi. Msigonge muhuri wowote. Jumatatu tunakuja mazoezini.