Kiti cha Nyuma Kushoto

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, naujulisha umma wa Mikumi, Kilosa na vijiji vyote vinavyotutegemea kwamba kampuni yangu ya usafirishaji imekua. Ilipoanza ilikuwa na Fuso moja na dereva mmoja, ambaye ni mimi. Leo ina Fuso ile ile na idara saba.

Wapo wanaodhani usafirishaji hukua kwa kuongeza magari. Huo ni mtazamo wa kizamani. Gari hunywa dizeli, hupasua tairi, na likiyaona makorongo ya barabara ya Kisanga linaanza kudai springi. Idara haipasuki tairi. Unaipa kibao cha mbao ofisini, inakaa kimya.

Ofisi Kuu ipo Mikumi mjini, chumba kimoja pembeni ya fundi pancha. Mke wangu Yudith ni Mkuu wa Utumishi, Mapokezi na Chai. Zabron nilimwajiri aendeshe gari baada ya mimi kuanza kuvaa koti. Alikuwa dereva hodari kiasi kwamba alipoomba kuongezwa mshahara, nilimwongeza cheo. Sasa ni Meneja wa Operesheni. Idara tano zilizobaki nazikaimu mimi, bila kulalamika.

Ninachojivunia zaidi ni itifaki. Kila mkubwa katika nchi hii hukaa nyuma kushoto. Fuso haina kiti cha nyuma, ina bodi ya kupakia mizigo. Kwa hiyo nilinunua kiti cha plastiki chenye mikono, nikakifunga kwa kamba ya katani kwenye kona ya kushoto ya bodi, na ziara yangu ya kwanza ya kikazi kwenda Kilosa nikaifanyia hapo juu, na koti na tai. Nilirudi na rangi ya tofali. Njia nzima watu walinikodolea macho, ishara kwamba kampuni inatambulika.

Niliporudi nikatoa waraka: kila anapowasili aliyekalia kiti hicho, watumishi wote wapange mstari mbele ya ofisi kumpokea. Waraka wa pili ukapiga marufuku meneja yeyote kushika usukani, maana hadhi ya meneja ikishuka, ya mkurugenzi nayo inayumba.

Wino haujakauka vizuri, mama mkwe akapiga simu kutoka Kisanga.

Mama Raheli, aliyemzaa Yudith, analima nyanya. Katika ripoti zangu anatajwa kama "wadau wetu wakuu", kwa wingi, ingawa yuko peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Nyanya zimeiva zote kwa mpigo. Nimeshazipanga kwenye matenga. Gari linakuja lini?"

"Mama, suala lako limepokelewa na linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na idara husika."

"Mkwe wangu, mimi sizijui hizo idara. Hili ndilo shamba la kwanza nimelima peke yangu tangu baba yenu afariki. Nyanya hizi zikiozea hapa, msimu ujao sina cha kupanda."

Nilikata simu nikiwa nimeshikwa na hofu, hali ambayo kiutawala tunaiita tathmini ya awali. Nikamwita Zabron.

"Zabron, nenda Kisanga ukachukue mzigo wa mama."

"Niende kama nani, bosi?"

"Kama dereva."

"Dereva ulimpandisha cheo. Mimi ni meneja, na kuna waraka."

"Nautengua."

"Waraka unatenguliwa na kikao. Uliandika mwenyewe, bosi, pale chini kabisa."

Hakuwa na ukorofi. Kosa lake ni kusoma hadi mwisho.

Tukakaa kikao. Mimi kama Mwenyekiti nilifungua, mimi kama Katibu nikasoma ajenda, na mimi kama Mkuu wa Idara ya Sheria nikapinga, kwa kuwa kutengua waraka mpya kungetia doa taswira ya kampuni. Hoja yangu ilikuwa nzito sana, nikashindwa kuijibu. Nilikuwa karibu kuunda kamati ndogo pale Yudith alipoweka birika chini.

"Nyanya za mama zinaoza nyie mnakunywa chai," alisema. "Humu ndani nani ana leseni ya gari kubwa na si meneja?"

Wote wawili wakanitazama.

"Mkurugenzi haendeshi," nikawakumbusha.

"Haendeshi," Yudith akakubali. "Ila deiwaka anaendesha."

Deiwaka, kwa wasioijua barabara, ni dereva wa kuokotwa stendi kwa kazi ya siku moja, asiye na cheo wala kiti. Mkuu wa Utumishi akanifanyia usaili papo hapo.

"Jina?"

"Yudith, mimi mumeo."

"Jina?"

"Theodory."

"Mara ya mwisho kuendesha ni lini?"

"Kabla ya koti."

"Basi livue."

Zabron, kama msimamizi wangu wa karibu, akaniambia, "Deiwaka, pima oili kwanza." Nikapima. Nilipokamata usukani na Fuso ikaunguruma, nilifurahi karibu nilie. Sikumwambia mtu, kwa kuwa furaha haiko chini ya idara yoyote.

Kisanga niliikuta foleni ya matenga kando ya shamba. Majirani wakapakia, mama akasimama mbali kidogo akisimamia. Kisha ukazuka mgogoro wa kiitifaki. Mwenye mali husafiri na mali yake hadi sokoni, hilo halina mjadala. Lakini kwetu mwanamume hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, na kebini ya Fuso haina namna nyingine ya kukaa. Mama akaitazama kebini, akaniangalia mimi, akainamisha macho. Nami nikatazama tairi.

Ndipo akakiona kiti.

"Kile cha nani?"

"Cha Mkurugenzi, mama."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amebaki ofisini." Mpaka leo sijui kama nilisema uongo.

Majirani wakampandisha. Akakaa nyuma kushoto katikati ya nyanya zake, akafungua mwavuli, akagonga bodi. Nikaondoa gari. Nikikimbia, anagonga. Nikikaribia korongo, anagonga. Sijawahi kuendesha kwa uangalifu namna ile.

Mikumi, watumishi walishapanga mstari mbele ya ofisi, kama waraka unavyotaka, na fundi pancha akiwa mgeni mwalikwa. Mama akashushwa. Zabron akainama.

"Shikamoo Mkurugenzi."

"Marahaba," mama akajibu, akaingia ofisini. Akavitazama vibao saba vya idara.

"Hivi vinabeba nini?"

Hakuna idara iliyojibu.

"Basi vitoeni. Matenga matupu yakirudi kutoka sokoni yakae humu, yasinyeshewe nje."

Kutoka hapo hadi Morogoro mama alisafiri kebini, Yudith akiwa katikati yetu kama ukuta, kwa kuwa kwenye lami kuna trafiki, na trafiki hawaheshimu itifaki. Nyanya zilifika sokoni ngumu na zikanunuliwa zote. Mama alifuta macho kwa ncha ya kanga, akauliza mbegu zinauzwa wapi.

Tangu siku hiyo wakulima wa Kisanga wanatupa mizigo yao, kwa sababu walimwona bosi kwa macho yao, juu ya bodi, na mwavuli. Zabron anazunguka mashambani kutafuta mizigo na ameongezwa mshahara na mama, jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Gari la pili linatafutwa. Kiti bado kimefungwa pale pale, ila siruhusiwi kukikalia.

Juzi nilimtuma Yudith kwa mama, aniombee kupandishwa cheo. Nilipendekeza meneja wa kitu chochote. Akarudi na jibu.

"Mama anauliza, tukikufanya meneja, gari ataendesha nani?"

Niliwaza jambo la kusema, kwa muda ambao zamani ungetosha kuunda kamati. Kisha nikaenda kupima oili.