Vita vya Chumvi na Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Enyi watu wa Nyakato, zimeni redio, sogezeni vigoda, mpate habari za Miriamu binti Scholastika, mwenye mkono mzito wa sukari, aliyeuvunja ukaidi wa maziwa mchana kweupe!

Mgeni alitokea mlangoni bila hodi: mzee Keraryo wa Butiama, shavu limevimba kama andazi, jino limeng'olewa muda si mrefu. Daktari kamwagiza anyonye kitu cha baridi, na njiani kaelekezwa kwa Miriamu, muuza barafu za maziwa.

"Babu, naapa," akanena shujaa, "hupandi gari la Butiama bila barafu yangu!"

Ole wake! Umeme ulikatika tangu asubuhi. Ndani ya friji vifuko vyote vimelegea, maziwa yanacheza.

Akakimbia mwaloni, kando ya ziwa, kwa Khalidi, muuza sato, wakarudi na ndoo ya barafu ya samaki. Mzee akaitazama, akarudi nyuma. "Mjukuu wangu, nimeng'olewa jino, sijafa. Usinihifadhi kama sato."

Shujaa akavizika vifuko vyake ndani ya barafu ile, akangoja. Maziwa yakamcheka.

"Hayo hayagandagi, dada," akasema Khalidi. "Umeyalisha sukari mpaka yana kiburi."

Kweli tupu! Sukari ikiyeyuka ndani ya maji, maji hudai baridi kali zaidi ndipo yagande. Hapo elimu ya chuo, iliyolala tangu mahafali, ikanguruma kifuani mwa Miriamu: chumvi nayo ina ukaidi uleule! Ukiichanganya na barafu huilazimisha kuyeyuka, na barafu ikiyeyuka hivyo hunyonya joto, ikawa baridi kuliko ilivyokuwa.

Lakini chumvi iliyokuwapo ni mfuko mmoja, wa ng'ombe wa babu yake aliyeko Mwitongo, kulekule Butiama, uliokuwa usafirishwe siku hiyohiyo.

"Ukiigusa," Scholastika akafoka toka jikoni, "utakwenda mwenyewe, ukamweleze babu yako na ng'ombe zake!"

"Nitakwenda, mama. Nimeshaapa."

Akamwaga yote. Ndoo ikaota utando mweupe wa barafu ubavuni. Akakoroga, akazungusha, vidole vikafa ganzi, na honi ya gari ilipolia barabarani akachomoa kifuko kigumu kama jiwe.

Mzee akanyonya, akafumba macho. "Loo! Hata lile jingine waling'oe."

Wakapanda gari moja. Na jioni ile, katika zizi la Mwitongo, Miriamu mshindi wa maziwa alisimama na mfuko mtupu, akimweleza babu yake kila kitu, huku ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, wakimlamba mikono.