Mikono Mia Moja na Ishirini ya Kushoto

Jumatatu, 8 Desemba

Daftari hili nimepewa na shemeji, mdogo wake mke wangu. Ni muuguzi. Jana alinisikia nikilalamika shingo inakakamaa, taya zinauma na kope la kulia linarukaruka lenyewe. Akasema huo ni msongo, na mtu akiufungia kichwani hutafuta njia ya kutokea mwilini. Niandike kila siku kinachonikaa kifuani. Nivute pumzi polepole. Nitembee. Akanipima presha: mia na ishirini na nane. Ya kawaida kabisa! Nilivunjika moyo.

Leo kiwandani nimewaambia ni mia na themanini.

Sababu ninayo. Nimekata vitambaa hapa miaka kumi na minne. Kijana tunayemwita Kalamu ana miezi minane tu, kazi yake kutembea na kalamu sikioni, na tayari bosi anamwita fundi. Sasa bosi kaniambia nikae karibu na dirisha. Kalamu mwenyewe kanibebea majora yangu mpaka mezani, akisema mzee asinyanyue vizito. Nimemwachia abebe. Mwenye nguvu mpishe.

Jumanne, 9 Desemba

Makoti sitini ya wanafunzi yanatakiwa kabla wiki haijaisha. Tumegawana wenyewe, bosi hajui nani anakata nini: Kalamu miili, mimi mikono. Nilitaka nimalize kabla yake.

Kitambaa cha koti kina uso na mgongo. Ukikipanga unakilaza uso kwa uso, ukikata mara moja unapata mkono wa kulia na wa kushoto. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Mimi nilikuwa nikimtazama Kalamu anavyopiga mluzi, nikapanga tabaka zote uso juu. Nikakata. Nikamaliza wa kwanza. Nikajisifu.

Kisha nikajaribisha mikono miwili kwenye koti la mfano. Mmoja ulikaa. Wa pili, kiwiko kikaelekea tumboni. Nikachukua mwingine. Na mwingine. Mikono mia moja na ishirini, yote ya kushoto.

Moyo ukaenda mbio, vidole vikapoa, masikio yakaziba. Nikakumbuka maagizo ya shemeji. Vuta kwa hesabu ya nne, shikilia, toa kwa sita. Inasaidia kweli. Pumzi ya tatu kichwa kilitulia, na wazo likaja. Watu walikuwa wameenda kula. Nikayatoa mafurushi ya mikono kwenye rafu yangu, nikayaweka kwenye rafu ya Kalamu.

Jumatano, 10 Desemba

Mama Cherehani, mkubwa wa washonaji, ndiye aliyegundua. Bosi akatuita mezani. Akauliza nani kakata haya. Nikaweka mkono kifuani, upande wa moyo.

Kabla bosi hajafika nilimwona Kalamu akiipiga mikono ile brashi, mmoja mmoja. Nilidhani anataka kujionyesha nadhifu. Sasa akaitazama rafu yake, akanitazama mimi. Akasema yamekutwa kwake, basi lawama ni zake.

Bosi hakupaza sauti, na ndivyo anavyokuwa akikasirika sana. Kitambaa cha rangi ile kimekwisha dukani, kingine lazima kiagizwe. Shule haitapata makoti kwa wakati. Kalamu kaondolewa kwenye mkasi, anashona vifungo, na Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo siku yake ya mwisho.

Nimeshinda. Meza yote ni yangu. Chakula cha mchana nimekirudisha nyumbani.

Ijumaa, 12 Desemba

Silali. Nimemfokea mke wangu kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, tena nilikiangusha mimi. Alinituma sabuni nikarudi na viberiti. Ananiambia nikilala kidogo naongea, na neno ni moja tu: kushoto, kushoto. Nikamwambia ni mambo ya barabarani.

Jioni nilitembea, kama nilivyoagizwa. Miguu ikanipeleka mpaka mlangoni kwa Kalamu. Mkewe alikuwa anaanua nguo, akanikaribisha kwa furaha. Akaniuliza presha inaendeleaje, maana mumewe kila siku anahangaika nayo. Nikasema nilikuwa napita. Nyumba yao iko mwisho wa njia, hakuna pa kupita.

Jumapili, 14 Desemba

Shemeji kanipima. Mia na sabini na mbili. Akapima mkono wa pili. Mia na sabini na nne.

Mke wangu akakaa chini. Shemeji akaniuliza kuna nini, kikulacho ki nguoni mwako, shemeji, kiseme. Nilishtuka aliposema nguo. Wote wawili wakaningoja. Mke wangu kanishika kidole, hajanishika hivyo siku nyingi. Nilikuwa nimefungua mdomo.

Nikasema labda ni chumvi.

Jumatatu, 15 Desemba

Mama Cherehani kanifuata dirishani. Anataka nijue, lakini nisihangaike. Chaki ya Kalamu ni nyeupe, yangu ni ya bluu, na mikono yote ilikuwa na bluu. Kalamu aliiona. Ndiyo maana alipiga brashi. Baba yake alianguka kazini siku aliyogombezwa na mkubwa wake, hakuamka tena. Kalamu kamwomba Mama Cherehani anyamaze, mzee mwenye mia na themanini asije akaangukia mezani.

Mia na themanini niliyoitunga mwenyewe. Niliona haya.

Nikaenda kwenye meza ya vifungo kumwambia kila kitu. Aliponiona akainuka, akanipa kigoda chake. Nikakaa. Nikamwomba sindano. Akanipa, tena ameshaitunga uzi.

Jumamosi, 20 Desemba

Kalamu kaondoka saa sita. Aliaga meza kwa meza. Kwangu alikawia. Akaniachia kopo lake la chaki nyeupe, akasema mzee, usibebe vizito. Kope likaruka. Nikamwambia Mungu akufungulie njia. Hayo ndiyo yote yaliyonitoka kinywani.

Bosi alikuwa ofisini, mlango wazi, hatua saba kutoka mezani kwangu. Nilizihesabu. Bado angeweza kumwita arudi, alikuwa hajafika hata kona. Nikavuta kwa nne, nikashikilia, nikatoa kwa sita. Nilipomaliza alikuwa keshapinda.

Nimeamua. Nitamwambia bosi kila kitu, presha ikishuka tu. Kwa sasa ni hatari, Kalamu mwenyewe kasema. Shemeji anasema haitashuka mpaka niseme kilichonikaa. Basi tutaona nani atatangulia.

Mke wangu ameondoa chumvi nyumbani, na yeye hali chumvi, anipe moyo. Leo maharage yalikuwa kama yamechemshwa kwa majuto. Nikayala yote, nikamsifu, nikamwambia nahisi nafuu.