Kikwembe cha Séraphine na Kiini cha Atomu

Jumatatu, 3 Novemba
Nyumba kimya. Bibi yangu wa ndoa, Séraphine, ameenda kwa mama yake, ng'ambo ya mto Lukuga. Sababu? Kikwembe. Kikwembe kimoja, kitenge cha kujifunga tu! Nilikikata vipande nishone mipira ya kiini cha atomu: protoni sita nyekundu, nyutroni sita za kijani. Enspekta wa shule alikuwa aje kuona somo langu la fizikia. Hakuja. Séraphine akaniuliza kama nina akili timamu, maana kile kikwembe alipewa na mama yake. Nikamjibu kwamba sayansi inadai sadaka. Kosa langu liko wapi?
Nimekula bukari baridi, ugali wa jana. Chumvi sijui anaiweka wapi.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepata dawa! Mimi nina chaji chanya. Mama mukwe naye ana chaji chanya, tena si kidogo. Protoni na protoni zinasukumana, hata mwanafunzi mzembe anajua. Zinakaa pamoja ndani ya kiini kwa sababu ya ile nguvu kali, na nyutroni njo zinaongeza nguvu hiyo bila kumsukuma mtu. Basi kwetu inakosekana nyutroni tu! Nimemchagua Papa Jean-Marie, katekista wa parokia. Hana upande, anakula kwa kila mtu. Nimemtuma akamweleze mama mukwe.
Wilfried, mwalimu wa kemia, ati niende mwenyewe nikaombe msamaha. Kemia! Huyo anajua elektroni tu, mambo ya nje nje.

Alhamisi, 6 Novemba
Balaa! Katekista alishinda kule mpaka jioni. Wamempa ndagala, dagaa wa ziwa, kwa mafuta na bukari ya moto. Amerudi amewaka: ati nimemdharau mama wa watu, ati hata yeye angeondoka. Nilisahau kabisa. Nyutroni ikiwa peke yake nje ya kiini haidumu, robo saa hivi inageuka protoni. Yangu imegeuzwa na ndagala.
Ameleta ujumbe. Séraphine hataki zawadi wala maelezo. Anataka nije mwenyewe, nikae karibu naye, niseme nisamehe. Basi. Niliposikia hivyo nilikaa kitandani nikalia, sifichi. Halafu nikatazama nje. Wingu zito. Sikwenda.

Ijumaa, 7 Novemba
Somo zuri sana leo, ingawa shati halina kifungo. Nimewaeleza kwamba nguvu kali inashinda ule msukumano, lakini pale tu protoni na nyutroni zinapokaribia kugusana. Zikiachana kidogo, kwisha! Unabaki msukumano peke yake. Odile, yule msichana wa benchi la mbele, akauliza kama kwa mbali hazivutani hata kidogo. Nikasema hata kidogo. Akauliza tena: na zikitumiana habari? Darasa likacheka. Nikawakaripia wote, nikatoka kabla ya kengele. Nje nikapangusa macho. Vumbi la chaki, labda.

Jumapili, 9 Novemba
Nimemwona Séraphine kwenye misa, yuko na mama yake. Amekonda, maskini. Aligeuka akaniona. Akasogea, akamsogeza na mama yake, pakabaki nafasi kwenye benchi, ya mtu mmoja. Mama mukwe mwenyewe akaniita kwa ishara ya kichwa. Lakini nilibaki kule nyuma, mlangoni, maana nilikuwa nafikiri. Walipotoka, Séraphine alipita bila kuniangalia.
Haidhuru. Sasa nimeelewa shida iko wapi. Kiini changu kilikuwa kidogo mno! Mipira kumi na miwili, nani ataelewa? Nitashona kingine kikubwa, cha atomu ya dhahabu, nyutroni tele, nimpelekee kwa mkono wa Wilfried, na maelezo juu yake. Akikiona tu, atarudi.
Kilichonikwamisha ni kitambaa. Nimefungua sanduku lake. Kimebaki kikwembe kimoja, kile cha ndoa yetu. Kinatosha. Makasi bado ni makali.