Malalamiko Kuhusu Upanga Mliouonyesha na Kitanda Ambacho Hakijaonekana

Ndugu Waandaaji wa Maonyesho Makubwa ya Magemu,

Natumaini barua hii itawakuta mmeshamaliza kukunja nyaya na kufagia jukwaa. Hamnifahamu. Ni mama wa mtoto mmoja, sina pedi ya kuchezea magemu wala akaunti, na sijawahi kuua joka. Lakini maonyesho yenu yaliingia sebuleni kwangu bila kupiga hodi, kwa hiyo naona ni haki yangu kuwajibu. Sikusoma sana, ila malalamiko nimeyapanga kwa namba ili msije mkasema hamkuyaona.

1. Saa ya matangazo yenu. Mlianza baada ya chakula cha mchana, muda ule ule ambao mwanangu Kidoti hulala na mimi huegemea ukuta nikarudi kuwa mtu. Sebuleni walikuwa watatu: mume wangu, ambaye ni seremala, mdogo wake, yaani shemeji yangu anayetengeneza simu, na kinyozi wa jirani, aliyemwacha mteja kitini akiwa amenyolewa upande mmoja. Yule bwana wenu mwenye koti jeusi akasema neno, skrini ikawa giza, mvua ikanyesha, upanga ukaonekana umechomekwa kwenye tope. Basi. Hakuna hata aliyeushika. Wanaume watatu wazima wakapiga ukelele, wakasimama, wakashika vichwa. Shemeji alilia machozi ya kweli. Nikatoka chumbani na Kidoti begani, keshaamka, nikauliza mchezo wenyewe unachezwaje. "Shem, bado hawajauonyesha," akasema akijifuta kamasi. "Wametaja jina tu." Mteja wa kinyozi alikuja kudai nusu ya kichwa chake, akaona upanga, akakaa.

2. Mtoto. Tangu siku hiyo, nikimpelekea Kidoti ndizi ya kuponda, hushika kichwa kwa mikono miwili, huachama, kisha hujitupa chali mkekani. Siku ya kwanza nilifurahi, maana mapishi yangu hayajawahi kupokelewa hivyo katika nyumba hii. Lakini chakula chenyewe hakili. Anashangilia bakuli likiwa mbali; likifika, anageuka kusubiri jingine. Hayo kayatoa kwenu.

3. Hili ndilo lililonikalisha chini kuandika. Kidoti hana kitanda. Analala katikati yetu, kichwa kwangu na miguu kwa baba yake, na mimi sijanyoosha mgongo tangu azaliwe. Baba yake anatengenezea vitanda mtaa mzima. Zamani nikimuuliza cha mtoto alisema "kesho" kama waume wengine, na mimi nilishajua namna ya kuishi na kesho. Baada ya maonyesho yenu, alifunga mapazia mchana kweupe, akatuketisha sote, akatuonyesha video kwenye simu ya mdogo wake. Ubao. Mkono unaupapasa ubao. Vumbi la mbao linapepea taratibu, ngoma zinalia. Kisha maandishi: KITANDA. KINAKUJA. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea wiki moja na bado yupo, alipiga makofi akataka irudiwe. Nilipouliza kitanda kiko wapi, shemeji akaniangalia kwa huruma. "Hiyo ni trela, shem, ya kuonjesha tu. Usituharibie."

Haikuishia hapo. Ikaja picha ya mchoro. Ikaja taarifa kwamba kitanda kimeahirishwa ili kulinda ubora, na kwamba fundi anawashukuru mashabiki kwa uvumilivu wao. Shabiki ni mmoja, na bado anavaa nepi. Kabla cha kwanza hakijatoka, kikatangazwa cha pili, chenye droo. Na kwa kuwa sisi tulikuwa wa kwanza kuagiza, tukazawadiwa mguu. Mguu mmoja wa kitanda, umepigwa msasa vizuri, siwezi kudanganya. Kidoti anaupenda. Analala ameukumbatia, na kila akijigeuza unanipata mbavuni. Kwa hiyo, ndugu zangu, kitandani mwetu sasa tumo watu watatu na mguu wa kitanda, na nina sababu zangu za kusema kwamba nafasi inazidi kupungua.

4. Ugonjwa umeenea. Wiki iliyopita mama mkwe aliweka kijiko chini, akasubiri tunyamaze, akasema: "Safari yangu ya kurudi nyumbani. Hivi karibuni." Wote wakashangilia. Mimi nilishangilia kupita wengine, mpaka nikatazamwa. Juzi aliiahirisha, ili kulinda ubora.

Kwa hayo yote naomba mambo mawili. Kwanza, mweke sheria kwamba mtu asishangiliwe mpaka kitu kiwe mkononi mwa aliyeahidiwa. Mkiipitisha huko, hapa kwangu itafika yenyewe, kwa sababu mume wangu hunisikia mimi kwa sikio moja na yule bwana wa koti jeusi kwa yote mawili. Pili, kwa sababu hiyo hiyo, kwenye maonyesho yajayo, upanga ukishaondoka, bwana huyo asimame katikati ya jukwaa, aitazame kamera, aseme: "Kitanda cha Kidoti. Jumamosi hii." Mume wangu atashika kichwa, kisha atashika nyundo. Mimi nimeshasema maneno hayo hayo bila ngoma. Hayafanyi kazi.

Nisalimieni bwana wa koti jeusi, mwambieni amekonda, ale. Msalimieni mpiga ngoma. Na wasalimieni akina mama wa wote wanaopiga kelele humo ukumbini. Waambieni tuko pamoja.

Wenu asiyewachekea lakini hana kinyongo,

Mama Kidoti

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mezani leo mchana. Tukamaliza kula, nami nikajikuta nafunga mapazia. Nikawaketisha. Nikasubiri wanyamaze kabisa, nikaweka mkono tumboni, nikasema: "Sehemu ya pili. Inakuja." Picha sikuwa nayo; huko ndani bado ni giza. Shemeji alielewa kwanza, akashika kichwa. Mama mkwe akapiga makofi, akataka nirudie. Nikarudia. Mume wangu akasimama, akakaa, akasimama tena, akaniuliza kwa sauti ndogo kama tarehe inaweza kusogezwa mbele kidogo. Nikamwambia, baba, hii haiahirishwi. Akatoka bila viatu, na ninavyoandika hapa nasikia msumeno, na miguu mingine mitatu imeshaegeshwa mlangoni. Kidoti alijitupa chali mkekani, kisha akainuka akala ndizi yote.

Kwa hiyo naomba mfute namba moja, mbili na tatu, na ile sheria msiipitishe kamwe. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni tamu namna hii kushangiliwa kwa kitu ambacho bado hakijaonekana. Namba nne mfute pia, maana hakuna tena safari ya kuahirishwa. Mama mkwe ametangaza sasa hivi kwamba haondoki mpaka sehemu ya pili itoke, na safari hii aliyeshika kichwa ni mimi.