Chumba Kimoja Nyumbani kwa Angelika

Jumatatu, 2 Februari

Theluji tena. Mji huu wa Buffalo hauchoki.

Mezani leo jioni, mkate baridi kama kawaida. Wajerumani hawa jiko lao halifanyi kazi jioni. Jibini, siagi, matango ya chupa, basi. Nikiwa natafuta pa kuficha tango langu, Angelika akatangaza kwamba mama yake anakuja kutoka Ujerumani mwisho wa mwezi, anakuja kukaa, na atahitaji chumba. Kwa hiyo mmoja wetu, mimi au Jean Bosco, ahamie kwa familia nyingine ya kanisani, kule Lackawanna. Tukubaliane wenyewe kabla ya Jumapili. Kisha akaomba apitishiwe siagi. Siagi!

Mumewe, Uwe, aliendelea kutafuna. Jean Bosco, Mkongo wa Bukavu tunayesoma naye chuo kimoja na kupakana vyumba, alisema bon, tutaona. Tutaona! Anayesema tutaona ameshaona.

Mimi siendi. Nilipofika Marekani nilikaa bweni ambamo ningekufa na watu wangejua kwa harufu. Hapa nikichelewa, taa ya mlangoni huachwa ikiwaka. Sijui kama Angelika huiacha kwa ajili yangu. Nimeamua ni kwa ajili yangu.

Jumanne, 3 Februari

Mpango wa kwanza: kuwa Mjerumani kuliko Wajerumani.

Kila asubuhi Angelika hufungua madirisha yote, baridi hii hii, ati hewa mbaya itoke. Nikasema leo nitamwahi. Nikaamka kabla ya wote, nikafungua ya sebuleni, ya jikoni, ya ngazini, mpaka la stoo. Nikarudi kitandani kusubiri pongezi. Usingizi ukanichukua.

Kumbe huwa yanafunguliwa kidogo tu, kisha yanafungwa! Nimeshuka nikakuta theluji juu ya kochi. Maua ya Uwe ya dirishani, yale anayoyaongelesha Kijerumani, yamelegea yote. Uwe hakunigombeza. Aliyabeba moja moja mpaka jikoni akayafunika taulo. Heri angenigombeza.

Jean Bosco alikuwa ameshachemshia kila mtu chai. Anajua kujipendekeza, huyo.

Jumatano, 4 Februari

Mpango wa pili: neno dogo, la pembeni, kwa adabu.

Nilimkuta Angelika akikunja nguo. Nikazunguka mbali, kama anavyofanya mtu aliyelelewa vizuri. Nikasema Jean Bosco ni kijana mzuri sana. Mcha Mungu sana. Anaomba kwa nguvu. Kuta za nyumba hii ni nyembamba. Lakini ni mzuri sana. Nikaishia hapo. Kwetu Kakamega mama mwenye nyumba angeelewa, angenyamaza, na baada ya siku kadhaa mambo yangejipanga yenyewe.

Angelika aliacha nguo, akamwita Jean Bosco ashuke. Mbele yangu! Akamwambia Collins anasema maombi yako yanamsumbua, je, mnaweza kupanga saa? Akatuangalia wote wawili kwa wema kabisa, anasubiri tupange saa.

Nilitamani sakafu inimeze. Jean Bosco alisema pole, ndugu, ungeniambia tu. Angelika akafurahi, akasema vizuri, limekwisha, akarudi kwenye soksi zake. Hawa watu hawana pembeni. Ukiwapa neno wanaliweka katikati ya meza.

Alhamisi, 5 Februari

Mungu hamtupi mja wake! Kwenye kalenda ya jikoni nimeona jina la Angelika, Jumamosi. Siku yake ya kuzaliwa!

Mpango wa tatu, na huu ndio wenyewe. Nitamfanyia kama tunavyofanyiana kwetu: nitammwagia maji. Hakuna mapenzi makubwa kuliko hayo. Siku niliyotimiza miaka kumi na nane walinivizia nikitoka bafuni, ndoo nzima, nikalia kwa furaha. Mtu usiyempenda hummwagii maji.

Tena nitammwagia Ijumaa, nimpige Jean Bosco chenga. Jumamosi yeye atakuja na kadi yake akute mimi nimeshamaliza kazi.

Nilimpigia Milcah, binamu yangu wa Columbus. Alisema, "Wewe Collins, don't you dare. Huyo ni mtu mzima, na huko ni winter!" Nikamwambia maji yatakuwa ya vuguvugu, mimi si mnyama. Akaniuliza tangu lini sijala na watu. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Milcah amekuwa Mmarekani.

Ijumaa, 6 Februari

Sina nguvu za kuandika. Lakini niandike.

Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni na sufuria. Angelika akaingia kutoka nje. Sikujua anatoka saluni. Nywele zilikuwa zimeviringwa vizuri kwa ajili ya wageni wa kesho. Nikaimba, nikamwaga.

Maji yanadondoka kwenye pua yake. Uwe akaja mbio na gazeti mkononi. Nikaeleza kwa tabasamu kwamba ni hongera ya siku ya kuzaliwa, kutoka moyoni.

Ajabu ni kwamba maji aliyavumilia. Kilichomgeuza rangi ni siku! Uwe alinieleza polepole, kama anaongea na maua, kwamba kwao kumpongeza mtu kabla ya siku yenyewe ni mkosi. Hata jioni ya kuamkia hairuhusiwi. Angelika aligonga meza ya mbao mara kadhaa, ati kuufukuza mkosi, akasema, "Kesho, Collins. Kesho," akapanda ngazi. Nyayo za maji nyuma yake.

Nilitaka kumwita nimwombe msamaha, nikashindwa nimwiteje. Mama hataki, alishaniambia. Angelika tupu haipiti kooni, ni rika la mama yangu. Miezi yote hii sijawahi kumwita chochote. Huwa nakohoa.

Jean Bosco alipiga deki. Sikumwomba.

Jumamosi, 7 Februari

Sherehe. Eti huku mwenye siku ndiye anayeoka keki na kulisha watu. Wamekuja Wajerumani wenzao na majirani wa hapa Black Rock. Mimi nimekaa chumbani. Nilitaka niitwe.

Na kweli Angelika alipanda mwenyewe, nywele zimetengenezwa upya, akabisha hodi. Akauliza kama nitashuka kula keki. Moyo ukaruka! Nikasema hapana, asante, niko sawa. Kama inavyotakiwa. Hakuna mtu mwenye adabu anayekubali mara ya kwanza. Nikavaa shati la kanisani, nikakaa ukingoni mwa kitanda kungoja aniulize mara ya pili.

Alisema sawa, akashuka.

Nilingoja. Nikafungua mlango kidogo ili asihangaike kubisha. Nikawasikia wakiimba. Uwe alicheka, sikujua Uwe anacheka. Nikawa nahesabu sauti nizijue ni za nani, nikachoka. Upweke ni kitu cha kijinga sana ukiwa umevaa shati la kanisani.

Baadaye Jean Bosco aliniletea kipande kwenye sahani, kimefunikwa. Nimekila chote ili asiwe na ushahidi.

Jumapili, 8 Februari

Siku ya hukumu. Nilikuwa na hotuba kichwani, na machozi tayari kama yangehitajika. Baada ya kanisa tukaketi wote wanne. Nikakohoa kumwita Angelika.

Jean Bosco akaniwahi. Alisema kwa Kiingereza, halafu akanigeukia akarudia kwa Kiswahili chake: "Bon, mi ndo ntaenda. Mi niko na famille Louisville, mama ananipigia kila siku. We huna mutu huku, ndugu. Donc ubakie."

Uwe akasema Jean Bosco alimwambia hivyo tangu Jumanne asubuhi, wakati wananusuru maua. Walikuwa wananingoja mimi niseme neno langu. Angelika akauliza kama nimefurahi. Nikasema ndiyo.

Ushindi! Nimemwandikia Milcah kwamba wiki nzima ya akili na bidii imezaa matunda. Amenijibu kwa alama ya kuuliza.

Jumatano, 11 Februari

Jean Bosco amehama juzi. Nilimsaidia kubeba sanduku, niwe na uhakika.

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Tangu aondoke sijasema neno la Kiswahili kwa sauti. Leo nimejigonga kidole kwenye ngazi nikapiga kelele kwa Kiswahili, Angelika akauliza kama kuna tatizo, nikamwambia kwa Kiingereza hakuna. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Wao ni watu wema. Wanasoma, wananyamaza, wanalala mapema. Nina chumba changu na sina wa kumwambia kwamba nina chumba.

Adhuhuri ujumbe umeingia kutoka kwa Jean Bosco. Anasema Jumapili familia ya Lackawanna imemwachia jiko. Atapika fufu, ule ugali wao wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Ananiuliza kama atanifuata kwa gari.

Mate yamenijaa mdomoni. Sijala chakula cha moto cha mkono tangu Krismasi. Lakini nimekaa chini nikafikiri, kwa sababu mimi si mtoto. Mtu ameshindwa chumba, halafu anakupikia? Samaki? Ana lake jambo. Anataka nione jinsi anavyoishi vizuri, nitamani, tubadilishane! Au anataka kuripoti kwa Angelika kwamba sishindi nyumbani. Nimeuona mtego mchana kweupe.

Nimemjibu kwamba Jumapili nina wageni wengi.

Amejibu hapo hapo: "Aa, bon, haina shida, ndugu. Ntakuwekea kidogo."

Nimeshuka jikoni. Wameshakula, wamepanda. Nimekula mkate nikiwa nimesimama. Nimemshinda tena.