Makofi ya Rachida

Mwaka ule ulisoma kwamba chini ya bahari yetu kumepatikana gesi, wewe, ukageuza ukurasa kutafuta matokeo ya mpira. Usikatae. Rachida, muuza kahawa wa sokoni Palma, kaskazini mwa Msumbiji, hakuwa na ukurasa wa kugeuza. Minazi aliyoachiwa na mama yake iko ng'ambo ya ghuba ya Tungue, pale pale kampuni ya gesi inapotaka kujenga kiwanda.

Asubuhi hiyo kijiwe chake kilikuwa kikibishana juu ya mume muuaji wa kitabuni. Germano, karani aliyeletwa na serikali kutoka kusini, waliyembatiza Doutor, yaani Daktari, kwa usomi wake, alikuwa akiwasimulia riwaya ya Kireno anayoisoma ofisini badala ya kazi. Humo mume anaeleza mwenyewe jinsi mkewe mpenzi alivyotoweka. Analia, anaapa, na kijiwe kizima kilishamlilia. Leo Doutor kafika mwisho: mke yumo kisimani, na aliyemtia ni huyo huyo msimulizi.

Buanali, aitwaye Wakili kwa kutetea kila mshtakiwa, alinuna kama kaibiwa. "Si kaapa yule?"

"Hapo ndipo ungeshtuka, Wakili," Doutor akamjibu. "Mkweli haapi kila ukurasa."

Redio ya Issufo, fundi baiskeli, ikawakatiza: wananchi wa ng'ambo ya ghuba wamekubali kuhama kwa furaha, mkutanoni walipiga makofi.

"Msimulizi mwingine huyo," Issufo akasema. "Nani kapiga makofi?"

Rachida akamimina kahawa mpaka ikafurika kikombeni. "Mimi. Mgeni wa kampuni kamaliza kusema, ungempa nini? Kwetu hata mwongo hupigiwa makofi akikaa chini."

"Dada, mke wa riwaya katupwa," Wakili akasema. "Wewe umejitupa mwenyewe, tena kwa adabu."

Walicheka, isipokuwa Doutor. Akakiri, macho ndani ya kikombe, kwamba ofisini kwao makofi huandikwa "ndiyo", na kwamba wageni hao wanarudi ng'ambo leo baada ya adhuhuri kuwauliza wananchi kwa mara ya mwisho kama wanahama.

Rachida akazima mkaa kwa maji, birika likiwa bado nusu. Akaweka mikono miwili kichwani, kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Naingia mkutanoni hivi. Sishushi mpaka waniulize nimefiwa na nani."

Wakili akajaribu naye, kofia ikamdondoka. Hakuna aliyecheka.

Saa hiyo inakuja. Wewe uliyekunywa kahawa yake, inuka sasa hivi, mashua ya kuvukia ipo. Usiende kutazama: kaa safu ya mbele, mikono kichwani.